Bao la Leparua

Tulipogawana vitu vya Akko, nyanya yetu, mimi nilipewa gorfa. Gorfa ni chombo cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi na kukazwa mpaka hakivuji, na hiki chake kilikuwa kimekaa juu ya kabati miaka mingi bila kazi. Nilifungua kifuniko nikaingiza pua. Maziwa hayakuwemo tena, lakini moshi wa mzeituni wa porini ulikuwa bado umejificha humo ndani, na nyuma ya moshi huo, naapa, nikasikia harufu ya karatasi iliyoungua. Shangazi yangu akasema ni mawazo tu. Inawezekana, maana mtu akifiwa pua yake huwa na mambo yake. Lakini karatasi hiyo niliichoma mimi mwenyewe, na ninajua ilikuwa imeandikwa nini.

Tulikuwa tukiishi Wabera, mimi na kaka yangu Halkano, kwa Akko. Wazazi wetu walikuwa Korbesa na mifugo, sisi tukaletwa mjini kwa ajili ya shule. Akko aliuza maziwa ya ngamia. Asubuhi mitungi ya njano ilifika kutoka malishoni, na baada ya swala ya Alasiri alijikokota na mtungi mmoja, kikombe cha bati na kigoda mpaka kando ya uwanja wa mpira, kwa sababu anayecheza huwa na kiu, na anayepiga kelele huwa na kiu zaidi. Uwanja ule ulikuwa uwanja kwa jina tu. Milingoti ya goli ilikuwa ya miti iliyopinda, mbuzi walipita katikati bila kuomba ruhusa, na karibu na goli la upande wa msikiti kulikuwa na shimo lililochimbwa na maji ya mvua. Shimo hilo kila mchezaji alilijua kama anavyojua mlango wa kwao.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka jinsi nyama ilivyokuwa ikifungwa kwa gazeti. Basi mimi nilisomea mpira kwenye nyama. Nikitumwa buchari nilimsihi mwenye duka anifungie kwa kurasa za michezo, nikifika nyumbani naibandua karatasi polepole, naianika juani, kisha nasoma sehemu ambazo damu haikufika. Kulikuwa na safu ndogo ya maajabu ya mpira duniani, na hiyo ndiyo niliyoitafuta. Huko ndiko nilikojua kwamba zamani kule Uskoti timu moja ilifungwa mabao thelathini na sita bila jibu. Huko ndiko nilikosoma habari za timu ya Madagaska iliyojifunga yenyewe mara mia moja arobaini na tisa katika mechi moja, kwa hasira dhidi ya refa. Nilimsomea Akko hiyo ya Madagaska huku akisugua mtungi. Aliacha kusugua.

"Wamejifunga wenyewe?"

"Ndiyo Akko. Walikuwa wamekasirika."

"Na hakuna mzee alikuwa hapo awaambie basi, imetosha?" Akatikisa kichwa. "Na huyo alikuwa anahesabu mpaka ikafika hiyo yote, yeye alikuwa anakula nini?"

Lakini iliyonikaa rohoni ilikuwa habari ya Mfaransa mmoja. Alifunga mabao kumi na matatu katika Kombe la Dunia moja, mechi sita tu, tena kwa viatu vya kuazima, na hakuna aliyewahi kumfikia. Nilisoma ile ya viatu vya kuazima mara tatu. Kaka yangu Halkano, aliyekuwa darasa la nane na mshambuliaji wa timu ya vijana wa Wabera, naye alicheza kwa viatu vya kuazima. Vilikuwa vya Kocha Ekai, Mturkana aliyekuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma, na kwa kuwa miguu ya kocha ilikuwa mikubwa, Halkano alijaza vitambaa mbele. Kwa akili yangu ya miaka kumi, hiyo ilikuwa ishara tosha. Mashindano ya mitaa yalikuwa yanaanza, na mimi nikajipa kazi.

Nilichukua daftari la hesabu lililobaki nusu nikaligeuza nyuma mbele. Kila bao la Halkano nililiandikia namba. Sikuandika lilifungwaje wala lilifungwa dhidi ya nani, namba tu, ikifuatwa na dakika niliyoikisia, maana saa sikuwa nayo. Niliamini kabisa, na hapa mnaruhusiwa kunicheka, kwamba Halkano akifunga la kumi na nne atakuwa amevunja rekodi ya dunia. Hakuna aliyeniambia kwamba rekodi ya Kombe la Dunia haivunjwi kwa mechi za Wabera. Niliona tayari gari la waandishi wa habari likipita katikati ya mbuzi, likimtafuta kaka yangu, na mimi nikitoka mbele na daftari.

Tatizo lilikuwa Akko. Kwetu vitu vyenye uhai havihesabiwi hovyo. Ukimuuliza mzee ana ngamia wangapi atakuambia, "Ni hao unaona." Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakutajia majina, na kama ni mama wa zamani atamruka mmoja makusudi. Babu yangu aliweza kusimama mlangoni mwa boma jioni, mbuzi wakipita mbele yake kwa vumbi, na akasema yule mweusi mwenye sikio lililokatika hajarudi. Hakuhesabu hata mmoja. Mimi nilidhani watu hawa hawakusoma tu, na kwamba wangekwenda shule wangehesabu kama watu wengine.

Siku moja Akko alinisikia nikinong'ona "saba" kando ya mtungi.

"Wewe unahesabu nini?"

"Magoli ya Halkano."

"Wacha. Hiyo ni kitu ya mguu ya mtoto. Unahesabu mguu ya mtoto?"

"Akko, hata dunia nzima wanahesabu."

"Dunia sio ya kwangu. Halkano ndiye wa kwangu."

Nikasema sawa. Nikahamisha daftari ndani ya gauni, nikaendelea kuhesabu kimoyomoyo.

La kumi na tatu lilikuja siku ile tulipocheza na vijana wa Leparua. Nikifumba macho naliona hadi leo. Upepo ulikuwa umeinua vumbi jekundu, kipa wao amejikinga uso kwa mkono, na Halkano akaupiga mpira akiwa mbali, kwa mguu wa kushoto ambao si wake wa kufungia. Mpira ukapotea kwenye vumbi. Tuliusikia ukigonga mti wa goli, kisha tukauona umelala ndani. Watu walipiga mayowe, lakini Halkano hakuwaendea wenzake. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwa Akko, akapiga magoti mbele ya kigoda, akachukua kikombe cha bati mkononi mwake na kunywa maziwa mbele ya uwanja mzima, akiwa na masharubu meupe. Akko alimpiga kofi dogo la shavu. Sikuwahi kumwona akicheka vile, meno yote nje.

Na mimi, mjinga mimi, nilisimama nikapaza sauti: "Kumi na tatu! Bado moja!"

Akko aliacha kucheka.

Mechi iliyofuata ilikuwa na timu ya mtaa wa pili, na Halkano alikuwa amelishika lile neno langu. Asubuhi wakati wa chai alikuwa ameniambia, "Leo nakupea hiyo moja yako." Hatukuwa tumecheza muda mrefu mpira ulipopenyezwa upande wa msikiti. Kipa alitoka, Halkano akaukimbilia, nami nikapiga kelele "Bado moja! Bado moja!" mpaka koo likauma. Aliinua uso kuangalia goli. Mguu wake wa kulia ukaingia kwenye shimo.

Sauti ya mfupa sitaielezea. Kocha Ekai alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akapakiwa kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, akapelekwa hospitali. Alirudi na plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Kocha alikuja kututazama kesho yake, na aliponiona nimejikunja kwenye kona bila kula, akadhani anifariji kwa lugha ninayoipenda.

"Usilie. Hata yule Mfaransa wako, unajua naye alivunjika mguu? Akaacha mpira bado kijana. Hii mambo inatokea."

Maskini Kocha Ekai. Alitaka kunipa mwenza wa msiba, akanipa ushahidi. Watu wawili walikuwa wamehesabiwa mpaka kumi na tatu, na wote wawili walikuwa wamevunjika mguu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Aliyehesabu nilikuwa mimi.

Alasiri hiyo Akko alikuwa ameacha makaa ya mzeituni jikoni kwa ajili ya kufukiza gorfa. Nilichukua daftari langu nikalirarua, nikatia kurasa kwenye makaa moja baada ya nyingine. Nilidhani namba zikiungua, hesabu itafutika, na mfupa utarudiana haraka. Kurasa zilikataa kuwaka kwa moto, zikatoa moshi tu, moshi mweupe mwingi. Akko aliingia, akachukua vijiti vyake vya moshi kutoka kwenye makaa yale yale, akavitia kwenye gorfa na kufunga. Hakuniuliza kwa nini macho yangu ni mekundu. Kesho yake wateja wawili walilalamika kwamba maziwa yananuka kama shule.

Wiki kadhaa baadaye Kocha Ekai alikuja nyumbani na mgeni. Alikuwa mwalimu wa shule moja ya sekondari upande wa Meru, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Shule yao ilichukua kila mwaka wanafunzi wachache wanaojua mpira na kuwasomesha bure. Nasi tulijua, hata mimi mtoto nilijua, kwamba baba hangeweza kumlipia Halkano sekondari baada ya ukame kuua sehemu kubwa ya mifugo yetu. Bila nafasi hiyo angerudi Korbesa kuchunga, na mguu wake hata kuchunga haungeweza vizuri.

"Habari, mama," mwalimu akasalimia.

"Nzuri. Karibu, keti," Akko akajibu.

Mwalimu akautazama mguu wa Halkano uliokuwa umenyooshwa juu ya mto. "Mguu utapona, nimeongea na daktari. Shida yangu ni moja, mama. Sijamuona akicheza, na siwezi kumuona. Mwalimu mkuu ataniuliza nimemchagua kwa nini. Nataka maandishi. Amefunga mangapi, dhidi ya nani."

Kocha Ekai akatabasamu mpaka kwenye masikio. "Hiyo maandishi iko! Hii msichana ameandika yote. Kila siku namuona na daftari. Leta, wewe, leta daftari."

Wote wakanigeukia. Halkano naye alinitazama kwa matumaini ambayo mpaka leo yananichoma. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio. Nilisema nimelichoma. Nilisema ni mimi niliyemvunja mguu, nilimhesabu, na sasa nimemvunja mara ya pili. Niliongea kwa Kiborana na Kiswahili kwa pamoja, na sidhani mwalimu alielewa nusu. Alielewa hakuna daftari. Akaanza kufunga kalamu yake.

"Ngoja, mwalimu," Akko akasema. Akamjazia kikombe cha maziwa. "Kunywa kwanza. Mimi nilikuwa hapo."

"Wewe, mama? Uliona mechi zote?"

"Maziwa yangu iko hapo. Mimi nitakuwa wapi?"

"Sawa. Alifunga mangapi?"

"Ngapi mimi sijui. Mimi najua zenyewe."

Mwalimu akamtazama kocha. Kocha, ambaye babu zake pia walikuwa watu wa mifugo, akacheka chini chini na kumwonyesha ishara kwamba aandike.

Akko akafumba macho kama vile anasimama mlangoni mwa boma. "Kuna ile ya kwanza, fupi, ya mguu ya kulia, ilipita katikati ya miguu ya kipa. Huyo kipa ni kijana ya mwenye posho mill, alilia. Kuna ile ya kichwa, siku mbuzi ilikuwa imelala ndani ya goli, wakabishana kama mpira imeingia ama imegonga mbuzi."

"Iliingia," Kocha Ekai akasema. "Mimi mwenyewe nilitoa hiyo mbuzi."

"Kuna mapacha. Hizo zilizaliwa siku moja, moja mapema, moja wakati adhana ya Magharibi inakaribia. Kuna ile ilikataa kuingia. Ikagonga mti, ikarudi, akairudisha, ikagonga mtu, ikarudi, akaisukuma na tumbo. Hiyo ni mbaya sura lakini ni yake. Kuna ile ya penalti. Hiyo mimi siipendi, mtu anasimama tu anangojewa."

Mwalimu alisahau maziwa. Akko aliendelea bila haraka, bao baada ya bao, kila moja na rangi yake, upepo wake, aliyeteleza, aliyegombana na refa, nani alikuwa hajashukuriwa kwa pasi aliyoitoa. Nami nilikaa pale nikiona aibu ya aina mpya. Yote nilikuwa nimeyaandika, na hata nusu yake sikuwa nimeiona, kwa kuwa kila mpira ulipoingia nilikuwa nimeinama natafuta kalamu.

Alipofika mwisho alifungua macho. Mwalimu akahesabu vijistari vyake.

"Kumi na mbili."

Nilishtuka. Amelisahau la Leparua! La vumbi jekundu, la mguu wa kushoto, la kikombe cha bati, zuri kuliko yote! Nikavuta pumzi niseme. Mkono wa Akko ukanishika goti na kunifinya, si kidogo. Nikamtazama Halkano, naye akawa anaangalia plasta yake kwa makini kama vile imeandikwa kitu. Kocha Ekai alikohoa.

"Mama," mwalimu akasema akisimama, "shule zote naenda napewa namba. Hakuna siku nimepewa magoli yenyewe." Akapeana mkono na Halkano. "Ukipona mguu, kuja na sanduku lako."

Walipoondoka nilimfuata Akko jikoni. "Akko, umesahau ile ya Leparua."

"Nani amesahau?" Alikuwa anaosha kikombe cha mwalimu. "Ile unapenda zaidi, hiyo haiendi kwa karatasi ya mtu. Inabaki nyumbani."

"Na mguu? Ni mimi, sio?"

Aliweka kikombe chini. "Shimo iko pale uwanjani tangu mvua. Halkano ameingia kwa shimo. Wewe ni shimo?"

"Hapana."

"Basi kula chakula yako. Na usichome tena daftari kwa moto yangu. Nimekunywa hesabu yako wiki nzima."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na nilikula sahani mbili. Baadaye, nilipokuwa nimepata nguvu, nilimuuliza kwa nini basi alinikataza kuhesabu, kama si hesabu iliyovunja mguu. Alifikiri kidogo. Akasema mtu akishajua mbuzi wake ni ishirini anaenda kulala. Asiyejua anaamka tena kuwaangalia.

Halkano alisoma sekondari ile mpaka akamaliza. Mguu uliunga lakini haukurudi ule wa zamani, na mabao hakufunga tena ya kusimuliwa. Leo ni mtu wa mifugo wa serikali, anachanja mbuzi huko Merti, na fomu zake zinataka idadi. Anaponipigia simu huniambia wazee bado wanamjibu, "Ni hao unaona," naye anajaza fomu kwa macho.

Siku ile ya kugawana vitu alikuwepo, amekaa mlangoni kanyoosha mguu ule. Mwanangu Ibra, wa miaka tisa, alikuwa na simu yangu kama kawaida yake. Nyama ya siku hizi haifungwi kwa gazeti, lakini ugonjwa umepita kwenye damu. Amekariri nani kafunga mangapi, wapi, kwa muda gani, na hunirekebisha mbele ya watu.

"Mama," akauliza, "Akko ameacha wajukuu na vitukuu wangapi? Nataka kuandika."

Shangazi akanitazama. Nilikuwa bado nimeshika gorfa mapajani. Nikaanza kutaja majina, polepole, mmoja mmoja: yule mrefu aliyeko Moyale, wale mapacha, yule aliyepasua dirisha la madrasa, yule anayefanana na babu. Ibra alibonyeza kwa kidole kila jina, midomo ikisogea. Nikamaliza, nikafunga kifuniko.

Alisubiri. Akatazama simu, akanitazama mimi, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Mama, umeniruka mimi."

Halkano ndiye aliyemvuta kwa mkono na kumkalisha juu ya mguu wake mzima.

"Hujarukwa, bwana," akamwambia. "Wewe ndiyo ile ya Leparua."